Uzi: Pampu ya umeme ya petroli inagonga tak-tak-tak kwenye Peugeot 504 ya 1974, nifanyeje itulie?

#1 Kijana_wa_504 (Ntinda)
Habari zenu wakuu. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1974, ya kabureta, gia za mkono. Ilikuwa ya marehemu baba, ameiendesha miaka mingi njia ya Kampala hadi Mbale ikibeba abiria. Mwaka jana pampu yake ya asili, ile inayokaa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kemshafti (shafti inayofungua vali za injini), ilipasuka daiframu (utando wake wa ndani), petroli ikawa inashuka kwenye oili. Fundi akasema hizo hazipatikani tena, tuweke ya umeme. Nikanunua pampu ya kibokisi kidogo pale Kisekka, soko la spea Kampala, akakifunga kwa skrubu mbili kwenye sakafu ya buti, kwa ndani.

Gari inawaka vizuri sana, hata asubuhi ya baridi. Shida ni kelele. Tak-tak-tak-tak, mchana na usiku, kwenye taa za barabarani ndiyo usiseme. Mama akikaa siti ya nyuma anauliza nani ameacha saa ya ukutani kwenye buti. Desemba gari hii inampeleka kaka yangu Masaka kwenye kwanjula (utambulisho kwa wakwe), na wazee watakaopanda wanaikumbuka ilivyokuwa tulivu enzi za baba. Nimejaribu kuifunika pampu kwa sponji ya godoro. Kelele ilipungua kidogo, lakini nilipoigusa baada ya safari ilikuwa ya moto. Wenye uzoefu, nisaidieni.

#2 Fundi_Katwe
Toa sponji leo hii, usingoje kesho. Pampu ile hujipoza kwa petroli inayopita ndani na hewa inayopita nje. Na sponji ikinyonya petroli iliyovuja hata kidogo, umeweka utambi kwenye buti.

Kuhusu kelele: sakafu ya buti ni bati pana, jembamba, limeshikwa pembeni tu. Hiyo ni ngoma. Pampu ndiyo fimbo. Fanya jaribio moja la bure: fungua zile skrubu mbili, ning'iniza pampu kwa kamba isiguse bati, washa swichi. Kelele ikifa, tatizo ni ufungaji. Kelele ikibaki, njoo tuzungumze mengine.

#3 Mama_Gereji (Jinja)
Kabla ya kelele, mwanangu, tuzungumze uhai. Pampu ya petroli na viungo vya mipira haviwekwi ndani ya buti ambayo hewa yake inaingia walipokaa watu. Klipu moja ikilegea, mvuke unajaa, na hapo hapo una waya na swichi. Ipeleke nje, chini ya gari, mahali ambapo jiwe halitaifikia.

Pili, umesema petroli ilishuka kwenye oili. Ulibadilisha oili? Na lile tundu ilipokuwa pampu ya zamani limezibwa kwa sahani na gasketi?

#4 Kijana_wa_504
Asante mama. Oili nilibadilisha siku ile ile pamoja na filta yake, na tundu limezibwa kwa sahani ya alumini. Hili la buti sikuwahi kulifikiria. Jaribio la Fundi_Katwe nalifanya kesho.

#5 Msafiri_Kabale
Mimi nawapinga kidogo. Wengi wanakimbilia mipira ya kufungia, lakini pampu inayogonga kwa nguvu muda wote mara nyingi inalia njaa. Haipati petroli ya kutosha upande wa kunyonya. Angalia filta iliyo kabla ya pampu, angalia mrija ndani ya tangi, na zaidi ya yote tundu la hewa la tangi. Hilo likiziba, petroli inatoka na hewa haiingii, pampu inavuta ombwe.

Ukitaka kujua, endesha nusu saa, simama, fungua kifuniko cha tangi injini ikiwa inawaka. Ukisikia fsss ya hewa inayoingia na mlio wa pampu ukabadilika, umepata jibu. Datsun 1200 yangu ilinisumbua miezi mitatu, nikabadilisha pampu mbili, kumbe ni kifuniko cha tangi cha gari nyingine kisicho na tundu.

Na huku kwetu milimani tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi.

#6 Okello_wa_Lira
Msafiri, mwinuko unahusu kabureta, mchanganyiko wa hewa na mafuta. Pampu haijui kama iko Kabale au Mombasa.

#7 Msafiri_Kabale
Inajua, ndugu yangu. Pampu haivuti petroli kama mtu anavyovuta kamba. Inapunguza hewa upande wake, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaisukuma petroli ije. Mombasa usawa wa bahari una hewa kamili. Kampala, mita kama 1,200 juu, kani ya hewa ni karibu asilimia 88 ya ile. Kabale, karibu mita 2,000, unabaki na asilimia 80 hivi. Hapo hapo petroli inachemka kwa joto dogo zaidi. Hata usawa wa bahari huanza kutoa mvuke kabla ya nyuzi 40. Jua la saa nane, mrija mrefu wa kunyonya, filta chafu, utapata mapovu. Pampu ikipiga mapovu badala ya petroli inagonga kama nyundo kwenye chungu tupu.

#8 Okello_wa_Lira
Nimeelewa, nafuta kauli. Ila Ntinda si Kabale.

#9 Mzee_wa_Reli (Tororo)
Salamu wanangu. Mimi nina Morris Minor ya cc 1098 tangu nikiwa kazini. Ile ilitoka kiwandani na pampu ya umeme ya kampuni ya SU, kwa hiyo mlio huu nimeishi nao kuliko wengi humu. Nawaambia jambo moja: tak-tak ni lugha. Ukifungua swichi asubuhi, inagonga haraka haraka, bakuli la kabureta likijaa boya linapanda, sindano inaziba, pampu inapunguza mwendo na kunyamaza. Ukianza safari inagonga moja moja kadiri injini inavyokunywa. Mke wangu alikuwa anajua nimefika nyumbani kwa kuhesabu mipigo ile.

Ikigonga haraka bila kukoma na injini imezimwa, kuna mambo mawili. Ama petroli inapita mahali haipaswi kupita, ama inavuta hewa. Kwa hiyo kijana, usiulize tu inapiga kelele kiasi gani. Uliza inapiga lini, na inanyamaza lini.

Na hao wanaosema lazima pampu iwe karibu na tangi: ya Minor iko mbele kabisa, kwenye ukuta wa injini, tangi liko nyuma chini ya buti, na inavuta.

#10 Fundi_Katwe
Shikamoo mzee. Kwa SU uko sahihi, ile ina daiframu pana na mwendo mrefu, imeundwa kuvuta. Hivi vibokisi vya sasa vina bomba dogo ndani lenye pistoni, sumaku inaivuta huku, springi inairudisha kule, mara nyingi kwa sekunde. Vinasukuma vizuri kuliko kuvuta. Ndiyo maana vinataka kukaa nyuma na chini, petroli ivifikie kwa uzito wake yenyewe.

#11 Mzee_wa_Reli (Tororo)
Marahaba. Hilo nalikubali.

#12 Busia_Boy
Mnajisumbua. Nunua pampu ya Premio, zile zinazokaa ndani ya tangi, itumbukize humo, biashara imeisha. Umewahi kusikia pampu ya Premio? Petroli inaizunguka pande zote, sauti haitoki.

#13 Mama_Gereji (Jinja)
Busia_Boy, kila uzi wewe unaleta Toyota. Kwamba pampu iliyozama kwenye petroli inanyamaza, ni kweli kabisa. Lakini ile ni ya injini ya injekta, inayopuliziwa petroli kwa presha bila kabureta; inasukuma presha ya karibu baa 3, yaani PSI 40 na zaidi. Kabureta ya 504 inataka kama PSI 3 tu. Ukiipa 40, sindano haiwezi kuziba hata dakika moja. Petroli itafurika, itamwagika juu ya manifoldi ya moto. Gari hiyo haitafika Masaka, itaungua Nateete, hapo hapo Kampala.

#14 Busia_Boy
Kuna regyuleta ya kupunguza presha, mama.

#15 Mama_Gereji (Jinja)
Regyuleta za kabureta hazikuundwa kupokea presha ile. Lazima uweke mrija mnene wa kurudisha petroli tangini, na regyuleta ya aina yake. Umeshatoboa tangi, umenunua vitu vitatu, na bado hujaondoa hatari. Kwa kelele ya saa ya ukutani? Hapana.

#16 Kijana_wa_504
Wakuu, nimerudi na matokeo.

Nimeitoa kwenye bati na kuining'iniza kwa kamba ya katani. Kelele ilishuka sana, naweza kusema zaidi ya nusu. Ukisimama nje husikii kitu. Fundi_Katwe umepiga mle mle.

LAKINI nilifanya na la mzee wa Tororo. Nikafungua swichi bila kuwasha injini. Inagonga haraka, nikasubiri ipunguze. Dakika mbili nzima, mwendo ule ule. Haikupunguza wala kunyamaza.

#17 Mzee_wa_Reli (Tororo)
Nilijua. Sindano ya kabureta haizibi. Nusa oili tena, na angalia kama plagi ni nyeusi.

#18 Msafiri_Kabale
Au inavuta hewa kwenye kiungo cha mpira. Klipu ya upande wa kunyonya inaweza isivujishe hata tone na bado ikaingiza hewa. Weka filta ya plastiki inayoonyesha ndani, utaona mapovu yanapita.

#19 Fundi_Katwe
Au vali ndogo ndani ya pampu yenyewe haizuii petroli kurudi nyuma. Kisekka kuna vibokisi vya kila namna, vingine vimefanana na vile vizuri hadi rangi. Ulikipima presha kabla ya kukifunga?

#20 Kijana_wa_504
Sikupima. Sina geji. Plagi tatu ni za kahawia, moja, ya silinda ya nne, ni nyeusi.

#21 Mnubi_wa_Bombo
Nimesoma uzi wote na moyo umenijaa. Mnajua kwa nini gari hizi ziliaminiwa na wazee wetu? Zilishinda Safari Rally hapa hapa kwetu, wakati mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mara tatu, 1963, 1966 na 1967, kisha 504 ikaja 1975 na 1978. Baba yangu alikuwa dereva wa jeshi, alitusimulia namna watu walivyojipanga barabarani wakingoja vumbi.

#22 Mwalimu_Mbale
Mara nne, mkuu. Umesahau 1968. Nick Nowicki alishinda 1963 na akarudi kushinda 1968, zile mbili za katikati ni za Bert Shankland wa Tanzania. Na miaka hiyo miwili ya Nowicki ilikuwa migumu kiasi kwamba magari 7 tu ndiyo yalimaliza kila mwaka. Ya 1975 ni ya Ove Andersson, ya 1978 ni Jean-Pierre Nicolas.

#23 Mnubi_wa_Bombo
Asante mwalimu, nimesahihishwa. Na tusimsahau Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mara tano na Datsun: 1973, halafu 1979 mpaka 1982 mfululizo. Mpaka leo nikiona Datsun 160J nasimama.

#24 Msafiri_Kabale
Mwenye Datsun humu anashukuru kwa heshima hiyo.

#25 Benzi_Entebbe
Turudi kwenye pampu. Yangu ni Mercedes W123, 230E, ya injekta za kimakanika, kwa hiyo pampu yake ni ya umeme tangu kiwandani na inasukuma karibu baa 5. Haigongi, inalia: wiiiii, kama mbu mkubwa, na inazidi tangi likishuka chini ya robo au nikikaa foleni ya Jinja Road jioni.

Gereji moja niliyoiamini iliniambia pampu imekufa. Nikalipa, ikawekwa nyingine. Wiki moja kimya, kisha wiiiii ikarudi. Nikaenda kwa mzee mmoja asiye na hata kibao mlangoni. Aliishusha petroli yote, akafungua kile kichujio cha wavu kinachokaa chini ya tangi. Kilikuwa kimejaa kutu na tope kama ugali wa muhogo. Akakisafisha, akarudisha pampu yangu ya zamani. Kimya hadi leo, mwaka wa tatu.

Alibadilisha pia raba zinazoishika pampu, zilikuwa zimekauka na chuma kilikuwa kinagusa chuma. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwa haki kama ni wavu au ni raba, alifanya vyote siku moja.

#26 Msafiri_Kabale
Ni wavu. Robo ya tangi ndiyo ushahidi.

#27 Fundi_Katwe
Ni raba. Mlio wa njaa hausikiki ndani kama pampu haijagusa bodi.

#28 Fundi_Umeme_Mukono
Mmesahau upande wangu. Pima volti kwenye pampu injini ikiwaka. Altenata nzuri inatoa 13.8 hadi 14.4. Nimekutana na gari za zamani zenye regyuleta ya altenata mbovu zinazotoa 15 na zaidi; pampu inapigwa kwa nguvu, inagonga kwa nguvu. Na kinyume chake, erthi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) mbovu inafanya ipige ovyo ovyo, haraka, polepole, haraka. Ukiifunga juu ya raba kama anavyosema Fundi_Katwe, kumbuka raba haipitishi umeme. Lazima uvute waya wa erthi wake mpaka kwenye chasi, ukwangue rangi, ukaze kwa bolti.

Mimi gari ya mteja nilimwekea rizista, kifaa cha kupunguza umeme, kwenye waya wa pampu, kelele ikashuka nusu.

#29 Mama_Gereji (Jinja)
Mengine yote nakuunga mkono, rizista hapana. Umepunguza kelele kwa kupunguza kazi. Siku anapanda mlima na watu watano, petroli haitoshi, mchanganyiko unakuwa mwembamba, vali zinaungua. Na rizista yenyewe inapata moto, uliifunga wapi?

#30 Fundi_Umeme_Mukono
Mama, gari ile inakunywa lita ngapi? Piga hesabu. Lita 10 kwa kilomita 100, mwendo wa 100, hiyo ni lita 10 kwa saa. Vibokisi hivi vinatoa zaidi ya lita 50 kwa saa. Kuna nafasi kubwa. Rizista niliifunga kwenye alumini karibu na relei (swichi inayoendeshwa na umeme), mbele, mbali na petroli.

#31 Mama_Gereji (Jinja)
Lita 50 za kwenye boksi hupimwa mdomo ukiwa wazi, bila presha, bila filta, bila kupandisha. Uiweke kwenye gari halafu uipime tena. Mimi nimezipima.

#32 Adui_wa_Plastiki (Arua)
Mimi nina Land Rover Series III, na nitasema jambo ambalo halitapendwa: rudisha pampu ya asili. Huyo aliyesema haipatikani hakutafuta. Zile pampu nyingi za zamani zinafunguka kwa skrubu, unabadilisha daiframu na vivali viwili, unafunga. Ya kwangu ina mpaka kikono cha kusukuma petroli kwa kidole kabla ya kuwasha. Haina waya, haina relei, haigongi, na injini ikizimika nayo inasimama. Kijana, ile ya baba uliitupa?

#33 Kijana_wa_504
Sikuitupa mkuu. Iko kwenye kopo la maziwa, stoo. Ni ile iliyokunjwa ukingo badala ya skrubu, fundi alisema haifunguki.

#34 Adui_wa_Plastiki (Arua)
Ah. Basi hiyo ni kazi nyingine. Inafunguka kwa mwenye subira, lakini kuikunja tena isivuje si kazi ya kila fundi. Usiitupe kamwe.

#35 Mama_Gereji (Jinja)
Adui kanikumbusha jambo kubwa. Pampu ya kemshafti injini ikizimika inasimama. Ya umeme haisimami. Ukipata ajali, gari limepinduka, mrija umekatika, swichi bado imewashwa, pampu inaendelea kumwaga petroli juu yenu. Weka relei inayosoma ishara ya koili ya plagi, injini isipozunguka inakata umeme. Au swichi ya oili: presha ya oili ikikosekana, pampu haipati umeme. Kijana, kelele tumeijadili posti thelathini, hili naomba ulifanye hata kama kelele itabaki.

#36 Kijana_wa_504
Nimekusikia mama, nalifanya. Fundi_Umeme_Mukono nakuja PM (ujumbe wa faragha) tuelewane bei.

#37 Dada_wa_Mini (Mbarara)
Naongeza la kwangu, mimi si fundi. Mini yangu ilikuwa inagonga hivyo hivyo. Fundi aliifunga juu ya vipande vya tyubu ya tairi, mwezi mmoja kimya, kisha kelele ikarudi. Alipofungua, raba ilikuwa imevimba na kulainika kama ubani uliotafunwa. Petroli ilikuwa inaitonea taratibu.

#38 Fundi_Katwe
Dada, tyubu haihimili petroli. Ninachotumia ni zile raba nene za kuning'inizia ekzosi, au raba za chini ya rejeta za Toyota, ndiyo Busia_Boy, Toyota. Pampu inabebwa na kipande cha bati nene, bati linabebwa na raba, bolti ya pampu haigusi bodi mahali popote. Nikishamaliza naigusa kwa kidole, lazima icheze.

Jambo la pili ambalo watu hawalioni: mrija wa chuma. Unaweza kuweka raba nzuri chini ya pampu, halafu ukaiunga moja kwa moja kwenye paipu ngumu iliyoshikiliwa na bodi. Mlio unasafiri kwenye paipu na kutokea mbele, chini ya miguu ya dereva. Weka mpira wa mafuta wa kama sentimita 30 kila upande, uache ulegee kidogo, usiuvute kama uzi wa gitaa. Na uwe mpira wa petroli kweli, si ule wa maji unaopitisha mwanga. Ule unakauka na kupasuka.

#39 Okello_wa_Lira
Hili la paipu limenigusa. Beetle yangu inagonga kwenye pedali ya klachi na pampu iko mbele kabisa upande wa pili. Kesho naingia chini.

#40 Kijana_wa_504
Wiki mbili baadaye, naleta taarifa.

1. Pampu imetoka kwenye buti. Iko chini, nyuma, juu ya raba nne za ekzosi, mipira mirefu pande zote, waya wa erthi wake. Relei ya koili imewekwa na tumeijaribu: ukizima injini ghafla na swichi ikiwa wazi, pampu inakata baada ya sekunde moja hivi.
2. Tulishusha tangi. Msafiri_Kabale, kulikuwa na kutu na kipande cha karatasi kama cha lebo ya chupa. Tumelisafisha.
3. Sindano ya kabureta ilikuwa na mkwaruzo unaouona kwa macho. Nimepata nyingine.

Ndani ya gari sasa, madirisha yakiwa yamefungwa, hata mama haisikii. Alipanda juzi kwenda Mukono, akaniuliza kama pampu nimeitoa. Nilisimamisha gari pembeni, nikakaa kidogo.

Ila bado kuna jambo. Nikisimama kwenye foleni ya saa nane, jua likiwa kali, inaanza tena kugonga haraka kwa kama dakika tano, kisha inatulia nikianza kwenda. Si kwa sauti ile ya zamani, lakini ipo.

#41 Fundi_Katwe
Hongera. Raba.

#42 Msafiri_Kabale
Hongera, lakini si raba. Karatasi ile kwenye tangi ndiyo ilikuwa inaziba mdomo wa mrija. Na hilo la foleni ni mvuke, nilisema mapema. Paipu yako inapita karibu na ekzosi?

#43 Mzee_wa_Reli (Tororo)
Ni sindano, wanangu. Mmesahau kwamba ilikuwa hainyamazi kabla hata hajaondoka nyumbani, asubuhi, baridi. Hapo mvuke ulitoka wapi? Kijana, ukifungua swichi sasa bila kuwasha, inanyamaza?

#44 Kijana_wa_504
Asubuhi inapunguza baada ya sekunde kama 15 na kubaki moja moja, taratibu. Ikiwa ya moto, mchana, haipunguzi vizuri. Paipu inapita upande mmoja na ekzosi kwa kama nusu mita, ndiyo.

#45 Fundi_Umeme_Mukono
Nilipofunga relei nilipima volti: 14.9 injini ikiwa ya moto na feni imezimwa. Hiyo ni nyingi. Regyuleta ya altenata inataka kuangaliwa kabla hamjagawana ushindi.

#46 Benzi_Entebbe
Mnaona sasa, hata yeye amefanya vyote kwa pamoja kama mimi.

#47 Mama_Gereji (Jinja)
Mimi ningefikiria kuweka mrija mwembamba wa kurudishia petroli tangini kutoka karibu na kabureta. Petroli inayozunguka haikai kwenye joto, mvuke unarudi tangini badala ya kukwama. Lakini kwanza presha ipimwe. Bila geji wote hapa tunakisia, na mimi nimo.

#48 Mwalimu_Mbale
Ninayo geji ya kabureta, ya PSI 0 hadi 15, na Jumamosi nakuja Kampala kwa shughuli nyingine. Ntinda sehemu gani?

#49 Kijana_wa_504
Mwalimu, Mungu akubariki. Nitakutumia ramani PM. Saa saba mchana ingefaa, gari iwe imeshapata moto.

#50 Fundi_Katwe
Na mimi nitakuwepo, nataka kuiona ile karatasi.

#51 Msafiri_Kabale
Iwekeni kwenye mfuko, msiitupe. Na mtakapopima, pimeni mara mbili, kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi.